Chuo cha Karibu

Butembo, 2001

Kaswera mwanangu,

Wengi hukosea wakifikiri chuo chetu kinajaa kwa sababu ya majengo. Majengo gani? Tunafundishia hata chini ya turubai! Siku ya kuandikisha, karani alimuuliza mama mmoja wa Vuhovi, hapa jirani, kitivo anachomtakia mwanawe: "Faculté gani, mama?"

"Yoyote, lakini ya hapa. Masasi ikilia, nitakuja kumutafuta na miguu."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Risasi zilipolia mbali kule Kisangani, alikosomea kaka yako Jacob, barabara ilikuwa imekatika, sikuweza kwenda kumtafuta.

Jana walisoma majina ya waliopokelewa, nikasikia lako. Nimepumua. Utakula bugali ya mama yako mukubwa hapa Bulengera.

Leo hii, mpe sista aliyekuletea barua hii diplome yako ya sekondari, arudi nayo nikamilishe kukuandikisha.

Baba yako mukubwa,
Salomon