Kuku wa Bibi Azeli

Jumanne, 3 Februari 2026

Mvua. Basi limechelewa. Nimefika kwa Bibi Azeli, mzee ninayemhudumia, saa mbili na dakika kumi, namkuta dirishani na gauni la kulalia, anaangalia barabara. Unamngoja nani, Bibi? Ati wanaume wa farasi! Wamevaa vinyago na matambara, wanakuja kuchukua kuku. Na mmoja lazima apande juu ya paa.

Nimemwogesha. Uji kala nusu. Nikaandika ripoti kwenye simu ya kazi, kama tulivyofundishwa, bila kutia chumvi: anaona wanaume wenye vinyago juu ya farasi, anasema wanataka kuku. Nikatuma. Hata dakika haikuisha.

Miaka themanini na minane. Mume wake, Ken, Mwingereza, kafa zamani, mtoto hawakupata. Masikini, akili inamtoka.

Ijumaa, 6 Februari

Varsha wa ofisini kapiga. Huyu Mhindi wa Queensbury kazaliwa Kisumu, Kiswahili chake kinanichekesha, lakini roho yake nzuri. "Gaudensia, ile notes yako imesaidia sana. Daktari nasema hii kitu mbaya, naona watu hapana iko. Council, ile serikali ya mtaa, takuja pima akili yake Jumanne, tarehe kumi na saba. Kama nashindwa, napelekwa home ya wazee. Ile ya kufunga mlango."

Imesaidia! Nyumba hii ya Thornton Heath, huku kwa Waingereza, kaishi miaka hamsini na nne. Mara ngapi kaniambia humu atatoka kwa jeneza tu? Na sasa anatolewa kwa maneno yangu.

Jumapili, 8 Februari

Misa nimekosa, nina shifti. Simu ya mezani ikalia. Ni Ovide, mdogo wake Bibi, hupiga kila mwezi kutoka Marekani, huko Louisiana. Bibi kalala, nikapokea mimi. Nikamwambia hali ya dada yako si nzuri, anaona watu wa farasi wenye vinyago. Mzee akacheka mpaka akakohoa! Akasema mwanangu, hao si ndoto, hao ni sisi. Yeye mwenyewe kapanda miaka arobaini.

Akanieleza yote. Mji wao ni mdogo, Anse-Claire, mashamba ya mpunga kila upande, kanisa moja, ukumbi mmoja wa dansi. Wanajiita Cajun, Kifaransa chao ni cha mababu. Siku ya mwisho kabla ya Kwaresima wanaume huvaa vinyago, wanazunguka nyumba kwa nyumba na farasi. Kiongozi anapiga hodi, anaomba ruhusa waingie. Mwenye nyumba akikubali anarusha kuku hai, nao wanamkimbiza matopeni, walevi wote! Kuna wanaopanda paa. Jioni kuku wote chungu kimoja, mchuzi mzito, mji mzima unakula.

Na mimi! Mtoto wa Newala! Mimi niliyejificha uvunguni mapiko yakitoka, wanaume wa kijiji chetu na vinyago vyao vya mti, mama ananiapia yule si mtu, ni mzimu. Mgeni angeniuliza siku ile nimeona nini, akaandika kama nilivyoandika mimi, leo ningekuwa nimefungiwa wapi? Nyani haoni kundule. Nimelia chooni, maji nimeyafungulia Bibi asinisikie.

Jumanne, 10 Februari

Nimemweleza Varsha. Kasema notes haiwezi kufutwa. Lakini niandike ukurasa mmoja juu ya Bibi na mji wake, yeye atauweka kwenye faili. Haya, nimekuwa mwandishi.

Bibi leo yuko vizuri, namuuliza, anajibu. Mpunga ukivunwa, mashamba yanajazwa maji, wanavua kamba wadogo wa matopeni. Jumamosi dansi, watoto wanalazwa chumba cha nyuma, wazazi wanacheza. Anayechinja nguruwe anaita majirani, kila nyumba inapata fungu. Tarehe mosi Novemba wanapaka chokaa makaburi. La mama yake anapaka Ovide, lakini magoti ya Ovide yamekwisha.

Halafu shule. Ukisema Kifaransa, mwalimu anakupigisha magoti juu ya punje za mahindi. Kanionyesha goti. Hakuna alama, ila analishika palepale. Kasema Ken alikuwa mume mwema lakini hakujifunza hata neno moja. Miaka hamsini na nne hajaongea lugha yake ndani ya nyumba yake, ila kwenye simu.

Nimeshindwa kuandika. Mimi Kimakonde changu naongea na nani? Binti yangu Nancy, hata nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Nimemshika Bibi mkono, tumekaa hivyo mpaka shifti ikaisha.

Jumamosi, 14 Februari

Ukurasa umekwisha. Nimeurudia mara nne. Varsha kaupeleka.

Bibi hali chakula vizuri. Nimenunua kuku mzima, nimemtia friza. Jumanne ndiyo siku yao ya vinyago; mambo yakienda sawa nitampikia mchuzi wao, na bamia.

Jumanne, 17 Februari

Saa nne. Naandikia jikoni kwa Bibi.

Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Siku anaijua, mwezi anaujua, jina langu katamka lote. Nimemvalisha gauni la bluu. Nikasema Mungu yupo.

Saa tatu na nusu, hodi. Dada wa council, mdogo tu, mafua yamemshika, kavaa barakoa, kofia ya koti kaishusha mpaka kwenye nyusi kwa mvua. Akauliza kwa adabu: ninaweza kuingia?

Bibi akanyanyuka. Bila fimbo! Uso umemchanua kama msichana. Akasema kitu kwa Kifaransa chake, akacheka, akaja huku jikoni, akafungua friza. Akarudi na kuku wangu, kaganda kama jiwe, akamrushia yule dada. Kuku kaanguka kwenye zulia, kateleza hadi mlangoni. Bibi anapiga makofi. Anangoja wamkimbize.

Dada hakukasirika. Kakaa, kafungua faili. Ukurasa wangu uko juu kabisa, kaupigia mistari. Kausoma! Basi mila anaijua. Na anajua yeye si mpanda farasi. Mimi pia najua. Siku tisa nimepigana kusema Bibi haoni visivyokuwepo. Leo kaona.

Akaniinamia, akaniuliza polepole Bibi asisikie: hii ni mara ya kwanza kuchanganya watu hivi?

Nikasema ngoja kwanza nizime jiko.

Bibi ananiita kutoka sebuleni, nilete kuku mwingine, wageni wanangoja. Dada naye anangoja. Jiko lenyewe sijaliwasha.