Akina Mama Wanaifungia Chupa ya Pili

Jumapili. Ukungu umeshuka hapa Mbooni tangu alfajiri, na mimi niko kama mtu ambaye hajaamka vizuri.

Asubuhi nilikimbia kidogo, ingawa nimesimamishwa mbio zote. Miguu haina habari ya barua. Ndani ya ukungu huoni mwinuko wala mteremko, unasikia pumzi yako tu, na kwa dakika chache nilijisahau kabisa.

Barua ya wanaopima wanariadha inasema mkojo wangu ulipatikana na dawa iliyokatazwa. Kwa simu walinieleza njia zangu, tena kwa upole. Mkojo uligawanywa kwenye chupa mbili siku ya mbio, kwa hiyo naweza kuomba ya pili ipimwe. Naweza kujitetea mbele ya jopo. Au nijaze karatasi ya kukiri ndani ya siku ishirini, adhabu ipungue mwaka mmoja. Zimebaki siku tatu.

Kosa langu ni kwamba mama nilimwambia habari ya chupa tu.

Mama ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Aliposikia kuna chupa ya pili, uso ulimng'aa. "Hiyo chupa iko wapi, Mwende?" Nikamwambia iko ng'ambo, kwa friji. "Kwa Mungu hakuna mbali. Tutafunga." Na kweli, tangu Ijumaa wamefunga, wanawake wazima, ili mkojo wangu ubadilike. Kama ungekuwa wa mtu mwingine, ningecheka.

Nikifumba macho naiona chupa hiyo. Iko mahali peupe penye baridi, haina haraka na mtu. Ndotoni huwa naifungua mwenyewe, nakuta maji ya chemchemi yetu, nayanywa yote.

Lakini najua kilichomo. Nilijua tangu siku niliyokunja mkono wa shati kule Matiliku, nikamwacha jamaa fulani anidunge sindano. Hakunidanganya. Nilimuuliza ni nini, akaniambia, nikageuza uso pembeni.

Sijawahi kuandika hayo popote.

Leo saa tisa akina mama hao walipanda kilima kuja kumalizia maombi kwetu. Susu Kalondu, nyanya wa jirani, alifika wa mwisho na fimbo yake, midomo imekauka. Aliniwekea mkono kichwani, akaniambia nisiogope. Tangu Ijumaa hakuwa ametia kitu mdomoni.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwaitu, wape chakula," nikamwambia mama. "Hiyo chupa haitabadilika. Nilijua ninachodungwa. Kuna karatasi ya kukiri, na zimebaki siku tatu."

Mama aliniangalia, akaniangalia tena, kisha akaingia jikoni. Nilisikia mwiko ukikwaruza sufuria. Akatoka na muthokoi wa mahindi na maharagwe, akaanza na Susu Kalondu, akawapakulia wote.

Sahani ya mwisho akaniwekea mapajani, akavuta kiti, akaketi karibu nami.

"Kula. Ukimaliza, ujaze hiyo karatasi nikiwa hapa."