Sauti ya Uzi wa Tatu

Elburgon, 12 Agosti 1956

Mjomba wangu,

Pokea salamu. Huku kwenye kiwanda cha mbao mvua haikatiki, na mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja nitakalokuambia.

Obeid, dereva wa lori la mbao, amenipa kinanda chake cha mdomo. Nyimbo zetu hazikai humo. Ile sauti ya uzi wa tatu wa litungu, uliyonifundisha wewe, haimo kabisa. Obeid akasema inatafutwa kwa kuvuta pumzi ndani, ulimi ukiurudisha nyuma, mpaka sauti ipinde ishuke. Wiki tatu kinanda kililia kama mbuzi. "Khisa, unakunywa uji wa moto?" akanicheka. "Vuta polepole, bwana!" Kuishusha si kazi. Kazi ni kuizuia katikati isianguke. Jumapili ilikaa. Nikapiga wimbo wako wote, nikatokwa na machozi.

Umeuliza kama nitapiga litungu kwenye arusi ya dada yangu Truphosa. Mjomba, mwezi wa Machi msumeno ulinikata vidole vinne vya mkono wa kulia. Ndiyo sababu nilinyamaza, na ndiyo sababu mwandiko huu ni kama wa mtoto.

Mwambie mama wewe mwenyewe, akiwa ameketi. Litungu langu mpe mtu atakayelipiga. Mimi nitakuja na kinanda. Ila uwaambie watu mapema, wasiudhike nikiwasalimia kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi mpwa wako,
Khisa