Inchi Tatu za Dume wa Baba Mdogo

Mbalizi, Alhamisi, Juni 1956

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi. Wenzangu wanalalamika baridi. Mimi leo sisikii baridi wala kitu kingine. Ugali nimekula nusu, nikauacha.

Kazi yangu ni kumsaidia bwana mifugo kupima ng'ombe: kimo, kifua, hata urefu wa masikio. Kwa vipimo hivyo tunawatenga ng'ombe warefu wa Usangu na wale wafupi wa huku milimani. Dume wa Usangu asiyefika futi nne anaandikwa chotara, na chotara anahasiwa.

Mwezi uliopita nilimpima dume wa baba mdogo Ambakisye, aliyenilea tangu baba afariki. Dume huyo alimnunua kule Chimala, akamswaga kwa miguu siku nne mpaka huku, ili apate mbegu ya ng'ombe warefu. Fimbo yangu ikasema futi nne kasoro inchi mbili. Nikaandika chotara. Wiki iliyofuata tukaenda na koleo, tukamhasi.

Baba mdogo hakubisha.

Leo nimepita kuangalia kama uvimbe umepungua. Nimemkuta dume uani, amesimama penye udongo uliofagiliwa, tambarare kabisa. Sijui kwa nini nilichukua fimbo. Futi nne na inchi moja.

Nikapima tena. Futi nne na inchi moja.

Ndipo nikakumbuka. Siku ile ya kumpima tulimfunga kwenye mti nyuma ya migomba, mtelemkoni. Miguu yake ya mbele ilikuwa ndani ya mfereji wa maji ya mvua. Mimi nikaogopa kuchafua viatu vya kazi, fimbo nikaisimamisha ukingoni. Ala! Mtu mzima niliyezaliwa mlimani, nimesahau kwamba ardhi ya kwetu haiko sawa.

"Unapima nini tena, mwanangu?" baba mdogo akauliza.

"Nahakikisha tu, baba."

Akanipa maziwa mgando. Akasema, "Angekuwa mwingine ningembishia. Ila wewe umesoma, halafu ni damu yangu."

Nikanywa yote, nikashukuru, nikaondoka. Sikulia hata njiani. Nilikuwa nahesabu hatua tu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amezaliwa mapema.

Alfajiri nitapanda kwa baba mdogo bila fimbo. Sijui nitaanza na salamu au na zile inchi tatu.