Ukurasa wa Tarehe 8 Julai

Mpemba,
S.L.P. 617,
Tunduma.
6 Septemba 2025

Mpendwa Kaka Bugalama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kahama, na kwamba kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Sisi hatujambo. Baba mguu bado unamsumbua asubuhi, lakini ikifika saa nne anakuwa ameshajikongoja hadi barabarani kuangalia foleni ya malori. Wifi na watoto hawajambo?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu jambo lenyewe linahitaji saini yako, na kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza.

Alhamisi nilikwenda kwa Wakili Mariam kuhusu ile mashine ya kutotolesha vifaranga uliyotununulia. Nilimfikishia neno lako kama lilivyo, kwamba kampuni iliyotuuzia iadhibiwe mpaka ifunge duka. Akatabasamu. "Mwambie kaka yako hasira yake naielewa, ila hata hakimu ana mipaka yake."

Alinieleza nami nikaandika papo hapo. Fidia ya hasara inarudisha ulichopoteza, yaani mashine na mayai 528 yaliyoharibika. Fidia ya adhabu ni ya kumkomesha mkosaji, na hutolewa kwa nadra: watumishi wa serikali wakiwaonea watu, au sheria yenyewe ikisema, au mtu akikosa makusudi baada ya kupiga hesabu kwamba faida yake itazidi atakachodaiwa. Mkataba ukivunjwa tu, kwa kawaida haitolewi. Kompyuta ya mashine kuganda si sababu tosha ya kumpa mtu adhabu. Ni lazima tuonyeshe kwamba walijua, wakauza hivyo hivyo.

Hapo nikakumbuka shajara yangu. Tarehe 8 Julai alikuja Clever, aliyekuwa fundi wao, akaifungua mashine, akanywa chai. Maneno yake niliyaandika siku ile ile: "Dada, toleo hili kompyuta yake huganda. Kioo kinasoma nyuzi 37 na nusu, kumbe ndani kunawaka. Bosi anajua, ila anasema mzigo uishe kwanza." Clever ameshaacha kazi pale na yuko tayari kusema mbele ya hakimu.

Wakili alifurahi, akaendelea kusoma hadi chini. Chini nimeandika kwamba Clever alituagiza tuweke kipimajoto cha kawaida ndani na kukagua kila baada ya saa sita, mpaka alete kifaa kingine. Halafu jioni nilikupigia. Nanukuu: "Kaka amecheka. Kasema, mkae mlinde mayai, kwani nyie kuku? Kompyuta ipo, nendeni harusini."

Jumamosi tarehe 12 tukaenda wote Mbebe kwenye harusi ya Zabron. Tuliporudi Jumapili mchana kioo bado kilisoma 37 na nusu, na mayai yalikuwa yameiva.

Sikulaumu peke yako. Mimi ndiye niliyefunga mlango, na kipimajoto kilikuwa kabatini kwangu.

Nilimuuliza wakili kama tunaweza kupeleka nusu ya juu tu. Akajibu, "Ukificha ya chini wataiomba wao, na hapo hata ya juu haitaaminika." Ukurasa ukienda mzima, adhabu itakuwa ngumu kuipata, na hata fidia ya hasara inaweza kupunguzwa kwa uzembe wetu. Tukiuacha nyumbani, kampuni imeshasema italipa mashine na mayai, mambo yaishe kimya.

Mama Eva, jirani yetu ambaye mayai tisini yalikuwa yake, kila akipita hapa huuliza, "Wageni wa harusi, mmeshiba?" Juzi nilimwita nikamsomea ukurasa wote. Akauliza, "Hizo mashine bado zinauzwa?" Nikamwambia nimeziona dukani Tunduma, zimepangwa mlangoni. Akasema, "Basi peleka wote. Mayai yangu nitasubiri."

Nami naona hivyo. Lakini mkataba uko kwa jina lako, na kilichoandikwa pale ni maneno ya kinywa chako. Nimeambatanisha nakala ya ukurasa mzima na karatasi ya wakili. Ukikubali, weka saini uitume kwa basi ifike kabla ya Jumatatu tarehe 22, siku ya kufungua shauri. Ukikataa, nitakuheshimu na tutapokea wanachotoa, ila usiniambie tena habari ya kuwakomesha.

Baba ameatamisha mayai kumi na mawili chini ya tetea wetu mweusi. Anaamka kila baada ya saa sita kumkagua, ingawa huyo ni kuku kweli.

Wasalimie wifi Shani na watoto, Ngusa na Justine. Jastin wa hapa jirani, wajina wake, anakusalimu. Mungu awalinde, na akupe moyo mwepesi utakapoushika huo ukurasa.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rosemary