Mjukuu Wako, Nusu Mkamba

Mama yangu,

Tangu asubuhi sikai chini. Nimepanga vyombo, nikavipangua, nikatoka hadi langoni, nikarudi. Mimba imefika miezi saba, haijawahi kufika huku, na leo mtoto alikawia kucheza. Nilikimbia kliniki wakanisikilizisha moyo wake. Uko sawa, wamesema. Bado sikai.

Unakumbuka ile Jumamosi uliyokuja hapa Woodley, mimba ya pili ilipotoka? Ulileta nduma za Dagoretti Corner, ukazibandika jikoni hata kabla ya kuvua sweta. Ulinikanda mgongo, ukaniimbia kama mtoto. Hakuna mtu aliyejua kunishika kama wewe. Halafu mume wangu Mutua alipotoka kununua maziwa, ukasema, "Si nilikuambia? Damu yako na ya huyo Mkamba hazipatani. Mwili wako unamkataa."

Haki ya Mungu, nilikuchukia siku hiyo, na nduma zako nikazila. Mwaka uliofuata wewe ukafa. Hayo maneno hukwenda nayo, uliniachia mimi.

Safari hii nilimwuliza daktari wazi wazi, kule Kileleshwa: ni kweli damu zetu hazipatani kwa sababu ya kabila? Akatikisa kichwa. "Kila mtoto tumboni ni nusu mgeni. Hata ungeolewa na jirani yenu."

Akanieleza. Kinga ya mwili, ile inayopigana na magonjwa, inaiona ile nusu ya baba. Kwa kawaida kitu kigeni ingekifukuza, lakini kwa mtoto inajibadilisha. Chembe zingine zinazituliza nyingine zisimshambulie, na zingine zinaenda kwenye mji wa mimba kusaidia kupanua mishipa, damu ifike kwa kondo la nyuma, mtoto ale. Na si kwamba kinga imelala, bado inafanya kazi yake.

"Basi zile mbili zilitoka kwa nini?"

"Sijui," akasema. "Wakati mwingine hatujui. Lakini si kabila."

Aisee, Mama, nililia pale kwenye kiti hadi akaenda kufunga mlango. Mwili wangu umempokea mtoto wa Mutua bila kuuliza kwao ni wapi. Aliyeshindwa ni wewe. Mama yake Mutua alikuja kwako na kiondo kimejaa maembe, ukamwacha amekaa sebuleni bila hata chai.

Sasa sikiliza. Picha imeonyesha msichana. Unajua desturi, kwetu na kwao: wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, wa pili ndiye huchukua lako. Leo asubuhi huyo mama amepiga simu kutoka Machakos. "Mpe jina la mama yako," akaniambia. "Wewe umefiwa, mimi bado niko. Nitangoja."

Ndiyo maana sikai. Nilitaka kukubali, Mama. Nimekumiss hadi naumwa, na ningependa kuita jina lako tena humu ndani, nikuite uje ule. Nimezunguka nyumba hii mpaka miguu ikavimba.

Sasa hivi nimempigia nikamwambia hapana. Huyu ni wake, ni Mwende kama yeye. Wewe utangoja zamu yako. Naogopa kumbeba hata huyu hadi mwisho, lakini wa pili nitamtafuta, na yeye pia atakuwa nusu Mkamba. Umzoee.

Binti yako,
Mama Mwende