Katibu wa Mgomo Anaoka Mkate kwa Siri

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba pia usinicheke kabla hujafika mwisho, maana barua hii nimeianza mara nne na kila nikiisoma naona inafanana na zile za watu wanaotoka nje ya ndoa, na mimi sijaolewa wala sina mtu, siri yangu ni gemu ya simu.

Nina miaka thelathini na minne, nafanya kazi katika duka la miwani, chumba cha nyuma, mimi ndiye ninayesaga vioo mpaka vikae kwenye fremu. Nina kaka mmoja tu, amenipita miaka mitatu, fundi wa lifti, na tangu tukiwa watoto sisi wawili tumekuwa wagonjwa wa gemu moja inayoitwa Daraja la Saba. Kwa kuwa huenda huijui nitakueleza kwa kifupi: kuna kapteni mwanamke anayetakiwa kuvuka madaraja saba ili akamtoe mdogo wake aliyefungwa ng'ambo, na anafuatana na jitu moja linaitwa Bonge, kazi yake kubeba nyundo. Sehemu ya kwanza ilikuwa na madaraja mawili, ya pili mawili, ya tatu mawili, na ya tatu ilipokaribia kwisha daraja la sita likakatika katikati, kapteni akabaki amesimama ukingoni, pakaandikwa "Itaendelea", na haijaendelea mpaka leo. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilikuwa msichana, sasa nina mvi, na kapteni bado kasimama pale pale.

Na si kwamba kampuni imekufa, ingekuwa imekufa tungelia tukamaliza. Iko hai, kila mwaka inatoa kitu, ila kitu chenyewe sicho. Walitoa gemu ya karata zenye sura za watu wetu, wakatoa ya mashindano ya magari ambamo kapteni kavaa miwani ya jua anaendesha kigari cha waridi, wakatoa ya kupanga vito vya rangi, na kila walipotangaza kwamba kuna habari kubwa tulikusanyika tukashikana mikono, na kila mara tukatawanyika tumenuna. Mwaka jana ndipo wakatoa Tanuri la Bonge. Yaani Bonge, lile jitu letu la nyundo, ameweka nyundo chini na kufungua duka la mikate, na kazi yako wewe mchezaji ni kumpimia unga. Kaka aliposoma tangazo lile alizima simu, akakaa kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba.

Hapa lazima nikueleze habari za kaka. Miaka miwili iliyopita alianguka kazini akavunjika nyonga, sasa anatembea na fimbo na kazi ya lifti imeishia hapo. Kwa miezi mingi hakunyoa ndevu, hakufungua pazia, nikimpelekea chakula nakuta cha jana hakijaguswa. Kilichomwinua ni huu mgomo. Aliunda chama cha wapenzi wa Daraja la Saba, tuko kumi na mmoja, watu wazima wenye kazi zetu, tunakutana sebuleni kwake kila Jumamosi saa tisa alasiri, yeye mwenyekiti na mimi katibu, na sote tuliinua mikono tukaapa kwamba hakuna atakayecheza Tanuri la Bonge, wala kulitazama hata kwenye simu ya mwenzie, mpaka kampuni itupe daraja letu la saba. Siku ya kikao ananyoa, anavaa shati la kola, anapanga viti mwenyewe akivisukuma kwa fimbo, na anabishana na watu mpaka sauti inamkauka. Mshauri, nilikuwa nimempoteza kaka yangu na mgomo ukanirudishia, naomba ulikumbuke hilo unaponihukumu.

Basi mimi niliyeandika maneno ya kiapo, mwezi haukuisha nikakivunja. Nilijidanganya kwamba naipakua ili niikosoe vizuri, nijue ninachokilaani, nikaoka mikate miwili, mitatu, na sikutoka tena. Ni nzuri, Mshauri. Inaniuma kuliandika neno hilo. Bonge anaongea na wateja kwa upole, ukiunguza mkate hakugombezi, anausogeza pembeni anasema huu tutakula wenyewe, na muziki ni ule ule wa sehemu ya pili, ila umepigwa taratibu. Nacheza saa ya chakula cha mchana, nimekaa chini kati ya droo za fremu, na bosi wangu kwa jinsi ninavyotoka mle nikitabasamu ameshaniuliza harusi lini.

Na kuna dirisha. Nyuma ya tanuri kuna dirisha dogo, mwanzoni limejaa ukungu, lakini ukifikisha mkate wa elfu moja ukungu unaondoka, na kule mbali unaliona daraja la sita, lile lile lililokatika, na juu yake kuna mafundi. Kila asubuhi mafundi hao wanakuja dukani, wananunua mkate, hawasemi neno, wanarudi zao, na kila ukiwauzia ubao mmoja unaongezeka kwenye daraja. Nililia palepale kwenye droo. Nilitamani kumpigia kaka dakika ile ile nimwambie njoo uone, na yeye ndiye mtu pekee ambaye siwezi kumwambia.

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi iliyopita. Tuko kwenye kikao, kimya, kaka anasoma ajenda, na kwenye chama chetu kuna muuguzi wa wodi ya wazazi tunayemwita Mama Pacha, alikuwa amekaa karibu na mlango, mara ikasikika kengele ndogo, ting, ile ya mkate ulioiva. Nikadhani ni simu yangu, nikatumbukiza mkono kwenye mkoba, na wenzangu nao, watu wastaarabu, wakaanza kupapasa mifuko yao ili wazime simu zao, kikao kikavurugika, mpaka kaka akasimama na fimbo yake akasema, "Hiyo ni kengele ya tanuri la Bonge."

Ilitoka kwenye simu ya Mama Pacha, naye hakukana. Alisema zamu zake ni ndefu na gemu ile inamtuliza kabla hajarudi kwa wanawe. Kaka akasema shauri lake litapigiwa kura Jumamosi inayokuja, abaki ama atolewe, na mimi, Mshauri, kwa mkono wangu huu huu nikaandika kwenye daftari kwamba mjumbe amevunja kiapo.

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza, kaka aliijuaje kengele ile, maana kwenye tangazo haimo. Gemu ina orodha ya waokaji wa mji wetu, na mimi huwa sitazami juu kwa sababu najijua niko chini, siku hiyo nikapanda nayo mpaka juu kabisa. Wa tatu anaitwa Mapengo. Mapengo ni jina nililompa kaka alipong'oka meno mawili ya mbele, yeye ana miaka saba na mimi minne, na hakuna mwingine anayelijua. Ameoka mikate elfu sita na mia mbili. Mimi nina elfu mbili tu.

Sasa nifanye nini? Nikimtaja nitamvua nguo mbele za watu, naye atarudi nyuma ya pazia lake na safari hii sijui kama nitamtoa. Nikinyamaza, Mama Pacha atafukuzwa na watu wawili wenye kosa kumpita yeye. Nikijitaja mimi peke yangu, itabidi kaka anihukumu huku anajua na yeye yumo, na sijui moyo wake utalibebaje jambo hilo. Nisaidie, Jumamosi yenyewe ndiyo hiyo.

Ni mimi, katibu.

MSHAURI ANAJIBU

Katibu, marahaba. Nimekucheka, sitakuficha, nimecheka mpaka jirani yangu wa dawati la michezo hapa gazetini akaja kuuliza kulikoni. Kisha nikafika kwenye habari za kaka yako na kicheko kikakata.

Nianze na wewe na kalamu yako. Mwanamke anasimama zamu nzima akipokea watoto wa watu, anapata nafasi moja ya kupumua, na wewe mwenye mikate elfu mbili mkobani unamwandikia hati ya mashtaka. Nilipofika hapo nilitamani nikufikie nikuvute sikio. Uliogopa, naelewa, lakini woga wako usimtafutie mwenzio adhabu. Kabla ya jambo lingine lolote, leo hii, mpigie Mama Pacha umwombe radhi, na umweleze kwa nini.

Hasira yenu dhidi ya kampuni sina ugomvi nayo. Zamani nilifuatilia igizo moja la redioni kwa miaka minne, bibi harusi yuko mlangoni, mgeni kabisha hodi, wakalikata, wakatuletea kipindi cha mapishi kinachoendeshwa na mpishi wa igizo lile lile. Mpaka leo sijui aliyebisha hodi alikuwa nani, na nikikumbuka damu inanichemka. Kumwacha mtu ukingoni mwa daraja miaka kumi na moja ni utovu wa adabu, na mna haki ya kusema hivyo kwa sauti. Mlipokosea ni kwenye kile kiapo cha kutotazama. Kuna mtu ndani ya kampuni ile aliyechora dirisha, akaweka mafundi, akawapa mkate, na alijua kabisa nani atalia akiliona. Alikuwa anawasemesha ninyi. Na ninyi mmekaa sebuleni mmeapa kufumba macho, kisha mnalalamika kwamba hamsemeshwi.

Ila usiende Jumamosi ukatangaza kwamba daraja la saba linakuja. Hujui. Hao mafundi wanaweza kula mikate yako miaka kumi mingine. Sema ulichokiona, mbao ngapi, basi, kila mtu atie tumaini lake kwa kipimo chake.

Halafu, binti yangu, wewe unayewapa watu miwani waone, hebu isome tena barua yako. Unaniambia kengele ilipolia wenzako walianza kupapasa mifuko kwa ustaarabu. Ustaarabu gani? Mtu asiye na gemu ile simuni angesikia ting, akageuka kutazama inakotoka, akaendelea kukaa. Hao walikuwa wanahakikisha kwamba si za kwao. Sijui ni wangapi kati ya wale kumi na mmoja wanaooka, lakini ningekuwa mimi nisingehangaika kutafuta asiyeoka.

Sasa kaka yako. Jina la Mapengo usilitaje, kwake wala kwa mtu mwingine, hata kwa utani, mpaka siku atakayolitaja mwenyewe. Mtu aliyezoea kufanya kazi juu ya majengo ya watu, akaanguka, akafungiwa na mwili wake mwenyewe nyuma ya pazia, kisha akaoka mikate elfu sita: huyo ameliona dirisha zamani kuliko wewe. Mkate wa elfu moja aliupita kitambo. Ameketi na habari ile ile uliyoketi nayo wewe, na mtu ambaye yeye anatamani kumwambia ni yule yule anayemwandikia kumbukumbu za kikao.

Kwa hiyo Ijumaa ukitoka kazini pitia kwake. Usiende na maswali. Umwambie dhambi yako tu, ya kwako, hivi: "Kaka, mimi naoka. Nina mikate elfu mbili, na nimeliona dirisha." Kisha nyamaza. Kunywa maji, tazama kucha zako, fanya utakavyo, lakini usikijaze kile kimya kwa maneno. Akisema, mshukuru Mungu, na msije mkakesha kwa kuhesabu mbao. Asiposema, usimlazimishe, umeshamtendea haki kwa kumwambia mapema ili Jumamosi isimkute ghafla.

Unaogopa kwamba mgomo ukifa atarudi nyuma ya pazia. Sikiliza, watu kumi wakija kwake Jumamosi saa tisa atanyoa tu, wawe wamekuja kugoma au kulinganisha mikate. Kinachomwinua ni viti vile kuwa na watu. Hilo ndilo la kulinda, na unalilinda kwa kupendekeza kabla ya kura kwamba kiapo kifutwe, kila mwenye simu aifungue mezani, na ninyi nyote mtazame dirisha kwa pamoja. Kisha wewe katibu uandike barua kwa kampuni, fupi, isiyo na matusi, yenye majina kumi na moja, iseme kwamba mmeiona kazi ya mafundi wao, mmependa, mmewalisha mikate mingapi, na sasa mnataka kuvuka. Barua ya mteja aliyeko ndani ya duka huwa inasomwa. Na wasipojibu mwezi huu, andika tena mwezi ujao, mwenyekiti mnaye wa kubishana nao.

Mwisho ni hili, na hapa sitaki visingizio. Kabla kura haijapigwa, omba liulizwe swali moja kwa wote, nani mwingine humu amekivunja kiapo. Likishaulizwa usitazame ukuta, usimtazame Mama Pacha, na usimtazame kabisa mwenyekiti. Inua mkono wako. Na ukishauinua usiushushe haraka, uache juu, maana wenzako watahitaji muda kidogo, na kaka yako kuliko wote.